Uzi: Namna ya kukipima kigeuzi cha sauti (DAC) cha bei kubwa kabla ya kukilipia

MLETA MADA

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nauandika kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana spika nzuri na amplifaya ya kuaminika, anasikiliza muziki nyumbani kwa utulivu, na sasa anafikiria kutoa dola 3,000, 5,000 au hata zaidi ya 10,000 kwa ajili ya kigeuzi cha sauti, yaani kile kifaa tunachokiita DAC, kinachopokea namba kutoka kwenye kompyuta, simu au deki ya CD na kuzifanya umeme unaopanda na kushuka sawasawa na wimbi la sauti. Hoja yangu ni hii: tofauti ambazo watu husimulia kati ya vigeuzi viwili mara nyingi wamezisikia kweli, lakini sehemu kubwa ya tofauti hizo haihusiani na ubora wa ugeuzaji wenyewe. Zinatokana na ukubwa wa sauti, aina ya kichujio (sehemu inayozuia masafa yasiyotakiwa), na namna vifaa vilivyounganishwa. Asiyeyatenganisha mambo hayo anaweza kulipa bei ya gari kwa kitu ambacho kitufe cha kuongezea sauti kingempa bure.

Mfano nitakaoutumia ni Holo Audio May, kigeuzi kutoka China ambacho toleo lake la juu lilipotoka liliuzwa karibu na dola 5,000. Ndugu yangu mmoja wa Dar es Salaam anacho, na aliniruhusu nikisikilize kwa nafasi sambamba na Topping E30, kigeuzi kidogo kilichouzwa kwa bei isiyofika dola 150. Nimevichagua hivi viwili kwa sababu vinafanya kazi ileile kwa njia mbili zilizo mbali sana, na mtu akielewa umbali huo atakuwa ameelewa karibu kila kitu kinachouzwa sokoni.

Tuanze na chanzo. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, Sony na Philips walikuwa wamekubaliana juu ya sampuli 44,100 (yaani vipimo vya wimbi la sauti) kwa kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 au 1. Hata hivyo hawakukubaliana namna ya kuzigeuza. Sony walitumia kigeuzi cha biti 16 moja kwa moja. Philips walikuwa na chipu ya biti 14 tu, TDA1540, wakaiendesha kwa kasi mara nne ya kawaida na kuisukuma kelele juu ya masafa ambayo binadamu anayasikia, na kwa hila hiyo wakapata matokeo ya biti 16. Njia hizo mbili bado zipo hadi leo, ila zimekua.

Ya kwanza ni ngazi ya rezista, vile vijiti vidogo vinavyozuia mkondo wa umeme kwa kiasi maalumu. Kila biti ina tawi lake, na matawi yote yakijumlishwa yanatoa volteji inayolingana na namba iliyoingia. Ni njia iliyo wazi na ya kupendeza, lakini ina mtihani mkubwa: biti 24 zinadai usahihi wa sehemu moja katika milioni 16.7, wakati rezista nzuri sana ya kununuliwa dukani ina kosa la asilimia 0.01, ambalo linakomea karibu na biti 13. Kwa hiyo mtengenezaji yeyote wa ngazi analazimika kutafuta njia ya kurekebisha makosa ya rezista zake, na hapo ndipo fedha na akili zinapokwenda. Holo wanatumia ngazi nyingine ya rezista kusahihisha makosa ya ile kuu. Ya pili ni ile ya Philips iliyokomaa, ambayo wataalamu huiita delta-sigma: hatua chache za volteji zinazorushwa kwa kasi ya mamilioni kwa sekunde, kelele ikisukumwa juu ya kilohezi 20 (mitetemo 20,000 kwa sekunde), kisha kichujio cha umeme kikifuta kinachobaki. Katika vigeuzi vya muziki wa nyumbani, chipu nyingi za namna hii hutoka kwa kampuni mbili, ESS ya Marekani na AKM ya Japani, na hata zile za daraja la juu kabisa gharama yake ni makumi ya dola, si maelfu. E30 ya kwanza ilikuwa na chipu ya AKM.

Wapo waliokataa kununua chipu iliyo tayari. Chord Electronics wa Uingereza, katika DAVE yao ambayo bei yake inapita dola 10,000, wanatumia chipu tupu ambayo mbunifu wao Rob Watts ameipangia kazi mwenyewe. Kampuni ya dCS ya Cambridge, iliyoanzishwa mwaka 1987 na kufanya kazi za rada kabla ya muziki, inatumia rezista zenye thamani sawa zinazopokezana zamu ili kosa la mojawapo lisiegemee upande mmoja. Haya ni mafanikio ya kweli ya uhandisi na nayaheshimu kwa dhati. Hata hivyo, mnunuzi anapaswa kuuliza kama mafanikio hayo yanafika masikioni mwake, katika chumba chake, na swali hilo linajibiwa kwa kipimo na kwa usikilizaji uliopangwa vizuri.

MDAU, ARUSHA

Mkuu, asante kwa maelezo. Nimekuwa nikifuatilia vipimo vinavyochapishwa mtandaoni, na naona vifaa vinapangwa kwa namba moja inayoitwa SINAD. Kuna kigeuzi cha dola 150 kinachopata namba kubwa kuliko cha dola 8,000. Je, nikinunua kwa kufuata orodha hiyo nitakuwa nimekosea?

MLETA MADA

Ndugu yangu wa Arusha, namba hiyo ni ya kweli na ina manufaa, ila inajibu swali finyu. Mpimaji hutuma mlio mmoja wa kilohezi 1 kwa nguvu kamili, kisha huangalia kwa kifaa cha maabara ni kiasi gani cha kelele na upotoshaji kimeongezeka pembeni ya mlio huo. Desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu za sauti au umeme, na desibeli 120 hapa maana yake ni kwamba uchafu wote uliojumlishwa ni sehemu moja katika milioni ya sauti yenyewe.

Sasa weka namba hiyo ndani ya nyumba. Chumba kimya cha mjini usiku, feni ikiwa imezimwa na majirani wamelala, bado kina kelele ya karibu desibeli 30. Ukisikiliza kwa nguvu sana kiasi kwamba vilele vya muziki vinafika desibeli 105, nafasi iliyopo kati ya kelele ya chumba na kilele cha muziki ni desibeli 75. CD yenyewe kwa hesabu ya biti 16 inatoa takriban 98. Spika nzuri, zikipigwa kwa nguvu hiyo, upotoshaji wake katika besi unaweza kufika asilimia 1 au kuipita, ambayo ni desibeli 40 tu chini ya muziki. Kwa hiyo kati ya kigeuzi cha desibeli 112 na cha 122, tofauti ipo kwenye karatasi na maabara, lakini sikioni imefunikwa na vitu vingine mara elfu kwa ukubwa.

Hiyo haina maana kwamba vipimo vitupwe. Navisoma kwanza ili kuondoa vifaa vibovu, kwa sababu vifaa vibovu vya bei kubwa vipo, na ripoti nzuri hukuonyesha mambo ambayo namba moja inayaficha. Angalia mstari wa masafa: je, umenyooka hadi kilohezi 20 au unaanza kuinama mapema? Angalia kama upotoshaji unapanda pale sauti inaposhuka, jambo ambalo ni dalili ya ngazi ya rezista isiyorekebishwa vizuri. Angalia kama kuna muungurumo wa hezi 50 na mafungu yake (100, 150 na kuendelea), ambao hutoka kwenye transfoma. Halafu angalia toleo la kifaa kilichopimwa. Moto ulipozuka katika kiwanda cha AKM huko Nobeoka, Japani, Oktoba 2020, chipu zao ziliadimika na watengenezaji wengi wakahamia kwa ESS. Kwa sababu hiyo unaweza kukuta matoleo mawili ya kifaa yenye majina yanayokaribiana ilhali ndani ni vitu tofauti, na sifa ulizosoma ni za lile lingine.

MDAU, MOMBASA

Kwa heshima zote, mleta mada, mimi nilisikiliza vigeuzi viwili katika duka moja la Dubai, na kile cha bei kubwa kilikuwa na uhai zaidi, besi ilikuwa na uzito, na sauti ya mwimbaji ilitoka mbele. Sikuambiwa na mtu. Nilisikia kwa masikio yangu haya.

MLETA MADA

Shekhe wangu, nakuamini kwamba ulisikia. Ninachouliza ni kama volteji za vifaa vile viwili zilikuwa zimesawazishwa kabla hujaketi.

Kiwango cha kawaida cha deki ya CD kwa plagi za RCA (zile za kawaida za pini moja) ni volti 2. Kwa plagi za XLR (zile kubwa za pini tatu) vifaa vingi hutoa volti 4, yaani desibeli 6 zaidi. Wapo pia watengenezaji wanaopandisha RCA hadi kukaribia volti 3, na hilo peke yake ni desibeli 3 na nusu. Tofauti ya desibeli 3 mtu huisikia kama sauti kubwa zaidi, lakini ikishuka hadi nusu desibeli sikio halitambui tena kwamba ni ukubwa. Linaitafsiri kuwa ni besi yenye uzito, mwimbaji aliyesogea mbele, uhai. Ni maneno yaleyale uliyoyatumia, na yanarudi katika karibu kila sifa ya kigeuzi ninayoisoma. Sisemi kwamba muuzaji alikuhadaa, maana wauzaji wengi wenyewe hawalijui jambo hili, lakini ulinganisho wowote ambao haukusawazishwa hauna hukumu ndani yake, uwe umefanywa na mgeni au na mkongwe.

Namna ya kusawazisha ni hii. Pakua faili la mlio wa hezi 400. Usitumie wa kilohezi 1, kwa kuwa maltimita (vipima umeme) za bei nafuu hupoteza usahihi kadiri masafa yanavyopanda. Cheza mlio huo kupitia kigeuzi cha kwanza, weka ncha za maltimita kwenye nguzo za spika huku spika zikiwa zimeunganishwa, chagua upimaji wa AC, kisha ongeza sauti hadi usomaji uwe volti 2.00. Bila kugusa kitufe cha amplifaya, hamia kigeuzi cha pili na usome tena. Lengo ni tofauti isiyozidi desibeli 0.1, ambayo ni kama asilimia 1.2 ya volteji, hivyo usomaji wa pili uwe kati ya 1.98 na 2.02. Kile chenye sauti kubwa kikiwa na kidhibiti chake, punguza hapo. Kikiwa hakina, baadhi ya amplifaya za kisasa zina marekebisho ya kila ingizo katika menyu zake. Pima spika zote mbili, kulia na kushoto, kwa sababu kigeuzi kilichoegemea upande mmoja kitasogeza mwimbaji kutoka katikati na utadhani ni jukwaa pana, yaani wanamuziki waliotawanyika mbele yako.

Tulipovisawazisha May na E30 kwa namna hiyo, zile tofauti tulizokuwa tukizisimulia kwa ufasaha mchana kutwa zilipungua hadi kubaki moja. Hiyo moja ilikuwa ya kweli, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo inayoweza kumpa mtu haki ya kutoa fedha.

May inaweza kufanya kazi kwa namna kadhaa, na hapa zinatuhusu mbili. Katika namna ya kwanza inachukua sampuli 44,100 kama zilivyo na kuzitoa bila kuziongeza wala kuzichuja, kila sampuli ikisimama kama ngazi hadi inayofuata ifike. Hesabu ya umbo hilo haibadiliki kwa chapa yoyote: sauti ya kilohezi 20 inashuka kwa desibeli 3.2, na ya kilohezi 10 inashuka kwa chini kidogo ya desibeli moja. Matoazi yanakuwa laini, fidla inapoteza ukali kidogo, na rekodi zilizopigwa kwa ukali zinavumilika. Wakati huohuo, kila sauti inazaa kivuli chake juu ya masafa tunayoyasikia. Mlio wa kilohezi 20 unapata kivuli kwenye kilohezi 24.1 chenye nguvu inayokaribiana na ya mlio wenyewe, na kivuli hicho kinaingia kwenye amplifaya na spika. Tofauti hii tuliitambua bila shida, hata kwa kufumba macho. Katika namna ya pili, ambapo May inaziongeza sampuli na kuzichuja kama vigeuzi vingine vinavyofanya, tulipojipima bila kujua kipi kinacheza hatukuvuka kiwango cha mtu anayebahatisha.

Ndugu yangu mwenye kifaa anaipenda ile namna ya kwanza na anaitumia kila siku. Sina ubishi naye hata kidogo. Spika zake zinang'aa mno kwa juu na chumba chake kina vigae, hivyo kushushiwa sauti za juu kunamfaa. Nilichomwonyesha ni kwamba kisawazishi cha masafa (equalizer) cha bure kwenye kompyuta, kikiwekwa mteremko uleule, kinaifanya E30 ikaribie mno sauti hiyo anayoipenda. Anayenunua ajue kwamba ananunua mteremko wa masafa na asidhani kwamba ananunua taarifa zaidi kutoka katika rekodi, kwa sababu kimahesabu namna ile haiongezi taarifa yoyote.

MDAU, NAIROBI

Naomba kutofautiana nawe kwa adabu. Majaribio ya kufumba macho yana mapungufu. Mtu anakuwa na wasiwasi, vipande ni vifupi, na sikio halijazoea. Mimi nimekuwa nikisikiliza kwa miaka na naamini tofauti ndogo hujitokeza pale mtu anapoishi na kifaa. Zaidi ya hapo, upo utafiti ulioonyesha kwamba wasikilizaji waliofundishwa wanatambua sauti ya kiwango cha juu kuliko CD.

MLETA MADA

Hoja yako ina uzito na nitaijibu kwa uangalifu.

Kwanza utafiti. Mwaka 2007 wanachama wa jumuiya ya wasikilizaji wa Boston, Meyer na Moran, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo muziki wa kiwango cha juu ulipitishwa kwenye kigeuzi cha kiwango cha CD katikati ya safari, na wasikilizaji wakaulizwa kama wanatambua. Kati ya majaribio 554 walipatia 276, yaani asilimia 49.8, ambayo ni sawa na kurusha shilingi. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa chuo kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500, akapata wastani wa asilimia 52.3, na kwa waliofundishwa kabla ya jaribio wastani ukapanda na kuvuka asilimia 60. Nadhani huo ndio unaoukusudia. Naupokea kikamilifu, na unaniambia mambo mawili: kwamba athari ipo kwa waliojifunza kuisikiliza, na kwamba ni ndogo kiasi kwamba hata wao hukosea zaidi ya mara tatu katika kumi. Tafiti zote hizo zinahusu kiwango cha rekodi, wala hazikulinganisha vigeuzi viwili vizuri vinavyocheza faili lilelile, ambako tofauti kwa kawaida ni ndogo zaidi.

Pili, kuhusu muda. Hakuna kanuni inayosema jaribio la kufumba macho liwe fupi. Keti na kifaa mwezi mzima ukipenda, mwenzako akiwa amevifunika vyote viwili kwa kitambaa na kuweka kumbukumbu ya kipi kinacheza siku gani. Chagua vipande unavyovijua. Ukitaka kutumia kipimo cha kawaida, fanya mara 16; anayebahatisha tu hufikisha 12 au zaidi chini ya mara 4 katika kila mia, kwa hiyo ukipata 12 una sababu ya kuamini sikio lako. Ukishindwa, usijione mnyonge. Umegundua kwamba fedha hizo zina kazi nyingine.

Jambo la kuchunga ni kwamba vigeuzi viwili havianzi kucheza kwa wakati mmoja hata vikipokea sauti kutoka chanzo kimoja, kwa sababu vichujio vyao vina ucheleweshaji tofauti. Ukibadilisha papo hapo utasikia muziki ukiruka, na huo mruko utakuambia kipi ni kipi. Mwenzako azime sauti kwa sekunde moja kila anapobadilisha, na afanye hivyo hata pale anapokirudia kifaa kilekile.

Kuhusu vipande vya kusikilizia, nawasihi watu waache rekodi za maonyesho ya madukani. Chukua rekodi nzuri ya kisasa ya taarabu ya Unguja iliyopigwa na kundi kamili, kama Culture Musical Club, na usikilize mahali ambapo kanuni, udi na fidla vinapiga wimbo mmoja kwa pamoja. Nyuzi za kanuni zina mwanzo mkali na mkia mrefu, na kichujio kibaya hujulikana hapo haraka kuliko kwenye ngoma. Kodiani hukuonyesha kama sauti za kati zimekwaruzika. Sauti ya mwanamke mzee, yenye ukwaruzo na pumzi, hakuna kifaa kinachoweza kuidanganya. Lakini usihukumu kigeuzi kwa kanda za zamani za redio zilizohamishiwa kwenye kompyuta, hata kama moyo wako unazipenda kama wangu unavyozipenda. Kelele ya kanda yenyewe iko juu mno ya kelele ya kigeuzi chochote, na hakuna dola 10,000 itakayotoa kwenye kanda kisichokuwemo.

MDAU, MWANZA

Samahani kwa kuingilia. Mimi shida yangu ni nyingine. Nikiunganisha kompyuta ya mkononi kwa USB nasikia mlio mwembamba kwenye spika, unaobadilika nikisogeza mshale wa kipanya. Nikichomoa chaja unapungua. Fundi ameniambia ninunue DAC ya bei ya juu. Ni kweli?

MLETA MADA

Ndugu, usitoe fedha bado. Hiyo ni kelele ya umeme inayozunguka kati ya chaja, kompyuta, waya wa USB na amplifaya kupitia waya wa ardhi, na kigeuzi cha bei kubwa kinaweza kuipokea vilevile. Jaribu kwanza waya wa mwanga, ile plagi ndogo ya mraba ambayo ina mlango mdogo wa kufunga. Waya huo hauna chuma cha kupitishia umeme, hivyo mzunguko unakatika. Kama kompyuta haina tundu hilo, kuna visanduku vidogo vinavyopokea USB na kutoa mwanga kwa bei ya kawaida kabisa. Hakikisha pia kwamba vifaa vyote vya muziki vimechomekwa kwenye ukuta mmoja na kwamba nyumba yako ina waya wa ardhi unaofanya kazi, kwa maana nyumba nyingi zina tundu la pini tatu lakini nyuma yake nyaya ni mbili tu. Hilo la mwisho ni suala la usalama wa watu kabla ya kuwa suala la muziki, na fundi umeme aliyesajiliwa analipima kwa dakika chache.

Niongeze hapa jambo linalomhusu kila mtu. Muziki wa kisasa hurekodiwa kwa nguvu kiasi kwamba sampuli zake zinagusa dari, yaani namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa. Kigeuzi kinapochora wimbi katikati ya sampuli mbili zilizo kwenye dari, wimbi hilo linapita juu ya dari, na kifaa kisicho na nafasi hulikata. Benchmark wa Syracuse, New York, waliacha nafasi ya desibeli 3.5 katika DAC3 kwa sababu hiyo. Wengi hawakuiacha. Tiba ni kupunguza sauti kwa desibeli 4 katika programu ya kuchezea muziki, ikiwa imewekwa kutoa biti 24, na hakuna kitu unachopoteza kinachoweza kusikika.

MDAU, MOMBASA

Mleta mada, nimekaa na maneno yako. Nina bajeti ya dola 5,000 kwa jumla. Spika ninazo, ukumbi wangu una urefu wa mita 4 na upana wa mita 3 na nusu, sakafu ni ya vigae na kuta ni za mawe. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

MLETA MADA

Shekhe wangu, chumba chako kinaongea kabla ya kifaa chochote. Urefu wa mita 4 unalazimisha mvumo karibu na hezi 43, na upana wa mita 3.5 unaongeza mwingine karibu na 49. Viwili hivyo vimekaribiana, kwa hiyo noti chache za gitaa la besi zitavimba kwa desibeli 10 au zaidi, na jirani zake zitamezwa. Linganisha na kigeuzi kizuri cha bei yoyote, ambacho katika besi mstari wake wa masafa haupindi hata nusu desibeli. Juu ya hapo una vigae na mawe yanayorudisha kila sauti ya juu kama kioo, na ndiyo sababu naamini ile namna laini ya May ingekuvutia pia.

Ningeanza na maikrofoni ya kupimia, kwa mfano UMIK-1 ya miniDSP, pamoja na REW, programu ya bure ya kupimia sauti ya chumba. Ningepima mahali ninapokaa, nisogeze spika na kiti, nipime tena. Ningeweka zulia zito kati ya spika na kiti, pazia nene nyuma ya spika, na kwenye kona za ukuta wa nyuma mafurushi makubwa ya pamba ya madini (rockwool) yaliyofunikwa kitambaa, ambayo seremala na fundi cherehani wa mtaani wanaweza kuyatengeneza. Baada ya hapo ndipo ningerekebisha mvumo uliobaki kwa kisawazishi. Kazi hiyo yote haifiki dola 1,000, na utaisikia bila kufumba macho wala kuhesabu.

Kwa kigeuzi ningetenga dola 150 hadi 1,000, kutegemea unachohitaji mkononi: matundu ya kutosha, rimoti, kidhibiti cha sauti kinachokwenda kwa hatua ndogo, plagi za XLR kama waya wako ni mrefu, na hedifoni kama unazitumia. Hivi ni vitu ambavyo fedha hununua kweli. Bei ikizidi hapo unalipia kasha, transfoma kubwa, kazi ya mikono, na fikra ya mbunifu unayemheshimu, na kuvipenda vitu hivyo ni halali kabisa kwa mwenye uwezo. Ila kumbuka kwamba ukiagiza kutoka nje, VAT ya Kenya ni asilimia 16 na forodha ina hesabu yake, na ahadi ya wauzaji ya kurudisha kifaa ndani ya siku 30 inamfaa aliye karibu na duka. Kifaa cha kilo nyingi kikirudishwa kwa ndege kutoka Mombasa, nauli itameza sehemu nzuri ya fedha yako. Muulize muuzaji kwa maandishi nani atakayekitengeneza kikiharibika, na kwa hewa yenu ya chumvi usikiache kikikaa karibu na dirisha la baharini.

Ukishapima chumba, weka hapa picha ya mstari wa masafa kutoka 20 hadi 300 hezi, kabla na baada ya zulia, pamoja na mahali spika zilipo. Tutaanzia hapo.